Fimbo ya Tarakwa Niliyomchongea Baba

Ipo safari moja ya mvua, mwanangu, ambayo mpaka leo haijaniachilia. Ilinirudia juzi ulipokuja kuniaga, ukanionyesha begi lako la safari na hiyo fimbo ya chuma chepesi inayojikunja mpaka ikaingia mfukoni. Unanijua, siwezi kuona kitu nisikishike. Niliikunja, nikaikunjua, nikachungulia pale inapojifunga, nikakuuliza ndani kuna nini, mpaka ukacheka. "Babu, utaivunja kabla sijaondoka," ukasema. Ulisema kwa mzaha. Nikakurudishia, nikanyamaza, na wewe ukadhani nimechoka.

Sikuchoka. Neno lilinikwama. Sasa nimeliandika, usome kabla hamjaondoka, wewe na wenzako mnaotaka kutembea siku sita kutoka Nakuru hadi milima ya Tugen kwa raha yenu tu. Njia hiyo naijua. Niliwahi kuipita nikiwa na baba yangu, wala haikuwa ya raha.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, na mtu hakuenda popote bila kuulizwa barua. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la nne. Wengine watakuambia karo ilikosekana, na kweli haikuwa nyingi, lakini kilichokosekana zaidi ni makalio ya kukaa. Nilitaka kujua injini ya treni inakunywa maji kiasi gani kutoka Nakuru mpaka Molo. Nilitaka kujua chumvi ya ziwani inatoka wapi na flamingo wanakula nini ndani yake. Nikaosha vyombo hotelini, nikafuata ng'ombe wa mnada mpaka Naivasha, nikashika taa kwa fundi wa magari aliyenifukuza kwa kufungua kitu ambacho hakikuharibika. Kila mahali miezi miwili mitatu, kisha nataka kujua ng'ambo ya pale kuna nini. Mama alikuwa akisema nilizaliwa njiani. Maneno ya mama huwa na uzito kuliko tunavyodhani.

Baba, aliyeitwa Arap Chebii, alikuwa mpasua posti katika shamba moja la Mzungu juu ya Njoro, pale msitu wa Mau ulipoanzia. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mnaangusha tarakwa, ule mti mwekundu wenye harufu nzuri, mnaukata vipande vya urefu wa mtu, kisha mnapigilia kabari za chuma kwenye kichwa cha gogo. Kabari ya kwanza gogo linanyamaza. Ya pili linaguna. Ya tatu linasema "pa" na kufunguka kutoka juu mpaka chini, uso umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Kutoka hapo mnapata posti za senyenge. Posti ya tarakwa ukiichimbia ardhini inakaa miaka arobaini bila kuoza wala kuliwa na mchwa, na watu wa mashamba waliuapia mti huo. Ukitaka kumsifu mtu kwa uthabiti ulisema, huyu ni tarakwa.

Gogo moja lilimponyoka baba mteremkoni likapita juu ya mguu wake wa kushoto. Mfupa uliunga, lakini uliunga umepinda, na mpasua posti asiyeweza kusimama imara si mpasua posti tena. Nyapara alikuja akasimama mlangoni, akazunguka maneno kwa muda, kisha akasema: "Arap Chebii, si mimi. Ni meneja. Nyumba ni ya mtu wa kazi. Mpaka mwisho wa mwezi."

"Nimesikia," baba akasema. "Umekunywa chai?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa.

Mama alikuwa ametangulia nyumbani na dada zangu mwaka uliopita, upande wa Tenges katika milima ya Tugen, akalime pale kwa baba mkubwa. Mimi niliitwa kutoka Nakuru na kumkuta baba amekaa juu ya kitanda, vitu vyake vyote vimefungwa katika blanketi moja. Hakulalamika juu ya kazi. Alilalamika juu ya kitu kingine, ambacho sikukijua mpaka siku ile nilipomkuta amesimama ukingoni mwa ngano akipekua majani kwa mguu. Alikuwa anatafuta kaburi la rafiki yake waliyekuja naye kutoka Tugen wakiwa vijana. Watu wetu waliofia kule walizikwa mwisho wa shamba, na shamba lilipopanuliwa trekta lilipita. Hakulipata.

"Nipeleke nyumbani, Kibet," akaniambia. "Mimi sitaki kulimwa."

Maneno ni hayo tu, na hiyo ndiyo ilikuwa safari yetu yote: kumfikisha baba Tenges akiwa hai, ili akifa, afie mahali ambapo hakuna atakayempitishia jembe. Kupanda lori hakutaka. Nusu ya nyumba za laini yetu, ile safu ya vibanda vya wafanyakazi, zilikuwa tupu. Majirani zetu Wakikuyu walikuwa wamepakiwa malorini asubuhi moja, wengine bila viatu, na hakuna aliyetuambia wamepelekwa wapi. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa laini aliyetaka kuwekwa nyuma ya lori. Isitoshe, mvua zilikuwa zimekata barabara mbele ya Mogotio. Tungekwenda kwa miguu, yaani kwa miguu mitatu, maana wa nne ulikuwa wa kukokotwa.

Basi alihitaji mkongojo, na mimi nikasema nitauchonga.

Nilitafuta katika rundo la posti mpaka nikapata kipande kisicho na kifundo hata kimoja. Nilikichonga kwa shoka, nikakiparua kwa kigae cha chupa, nikakipaka mafuta ya kondoo mpaka kikawa chekundu kama chai ya rangi. Juu, mahali pa kushikia, nikapazungushia ngozi. Kwenye ncha nikavalisha pete ya chuma niliyoikata kutoka bomba la zamani, na ili isichomoke nikaipigilia msumari mmoja, ukazama wote. Nilifanya kazi siku tatu bila kunyanyuka kutaka kujua kitu kingine. Kwangu mimi, mwanangu, huo ulikuwa muujiza.

Siku ya nne akapita Mzee Sigilai. Huyu alikuwa mtu wa msituni, mlina asali, aliyeshuka laini kila mwezi na mfuko wa ngozi wenye asali. Mzee mfupi, mkavu, na mdomo wake haukuwa na mlango. Alinikuta nikiwaonyesha vijana wa laini ile fimbo, na pale kisimani wasichana walikuwa wakituangalia.

"Hiyo ni ya nani?" akauliza.

"Ya baba. Tunaenda Tenges."

Akaishika, akaipima mkononi, akanusa. "Nzuri," akasema. "Sasa, ng'ombe ni wangapi?"

"Ng'ombe gani?"

"Wa kuzuia. Si hii ni posti? Mimi nilidhani unajenga boma."

Vijana wakacheka. Nikamwambia kwamba posti za tarakwa zilizosimama pale zimemzidi umri nyapara na hazijaoza hata moja.

"Hazijaoza, kweli," akasema. "Kwani wewe umewahi kuona posti ikitembea?"

Wakacheka tena, na hata kule kisimani nikasikia kicheko. Yeye hakucheka. Aliokota kipande cha tarakwa kilichobaki, akakisimamisha juu ya gogo, akakigonga na panga mara moja tu, bila nguvu. Kikagawanyika. Kisha akachukua rungu lake mwenyewe, la mutamaiyo, ule mzeituni wa mwituni, akaligonga vilevile kichwani. Panga lilinasa, na ilibidi alikanyage rungu ili achomoe.

"Tarakwa hauwabishii," akaniambia. "Ndiyo maana mnaupenda, kazi inaenda. Lakini mti usiobisha ukipasuliwa hautabisha ukiegemewa. Na huu msumari ni kabari, wewe mwenyewe umeshaanza kuipasua. Nipe siku mbili. Nitakata mutamaiyo ulioota mahali pa upepo, niupitishe motoni, niulaze kwenye jivu la moto. Hautakuwa mzuri hivi. Utafika."

Siku mbili nilikuwa nazo. Mwisho wa mwezi ulikuwa bado siku sita. Ninakuambia haya kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba muda haukuwepo. Muda ulikuwepo. Kilichokosekana ni uso wa kumwambia mzee mbele ya wale waliocheka, ndiyo, nimekosea.

"Asante, mzee," nikasema. "Rungu ni la kupigia. Hii ni ya kutembelea."

Akanitazama kidogo. "Haya," akasema, akaenda zake na asali yake.

Jioni nikampelekea baba fimbo. Aliishika kwa mikono yote miwili. Akapitisha kidole gumba kutoka juu mpaka chini, polepole, na kidole kilipofika kwenye ule msumari kikasimama. Kisha akasema, "Umeifanyia kazi, mwanangu." Akasimama, akatembea nayo mpaka mlangoni na kurudi. Nilijiona mtu.

Mnaijua methali ya asiyesikia la mkuu. Tuliimbiwa sote. Ila walioitunga hawakutuambia guu litakalovunjika ni la nani.

Tuliondoka asubuhi yenye ukungu. Siku ya kwanza na ya pili zilikwenda katika kushuka Njoro na kupita kando ya Nakuru, na mara mbili askari walitusimamisha, wakasoma barua ya baba ya kuachishwa kazi, wakafungua blanketi lake, wakatazama sufuria na shati na mkebe wa tumbaku, wakalifunga vibaya. Siku ya tatu tuliuacha mlima wa Menengai nyuma yetu. Kutoka hapo nchi inashuka na joto linapanda, na baridi ya Njoro unaisahau kama ndoto.

Baba alitembea vibaya. Alitembea vibaya kuliko nilivyotarajia, na ninaona haya kukuambia kwamba jambo hilo lilinikasirisha. Nilikuwa nimezoea kutembea peke yangu, kufika kilimani na kuona ng'ambo. Yeye alikwenda hatua kumi, akasimama, mguu ule mbovu ukitetemeka, jasho likimtoka hata asubuhi. Na fimbo aliichomeka tu mbele yake kwa wepesi, kama mtu anayepima matope.

"Baba, si uiegemee hiyo fimbo," nikamwambia.

"Naiegemea."

"Huiegemei. Unaibeba."

"Naiegemea, Kibet. Wewe tembea."

Kesho yake nikamwambia tena, kwa sauti isiyo ya kumwambia mzazi. Nikasema, niliichonga siku tatu ili uitumie, si uipeleke matembezini. Hapo alicheka kidogo, akasema fimbo nzuri haipendi kuharakishwa. Nikadhani ni mzaha wa wazee. Njia nzima kutoka Rongai mpaka Mogotio niliitembea nimenuna, nikiwa hatua hamsini mbele yake.

Lakini usiku tulipolala pembeni ya njia alikuwa mwema. Alinisimulia jinsi alivyoshuka milima ile akiwa kijana, na rafiki yake yule wa kaburi lililopotea, wakiwa hawajawahi kuona ngano. Walidhani ni nyasi za Wazungu. Nilimuuliza mambo mengi, maana hata nikiwa na hasira siwezi kuacha kuuliza, na alinijibu yote.

Siku ya nane tulifika mto Perkerra. Ng'ambo yake milima ya Tugen ilisimama mbele yetu, buluu, karibu sana, na moshi wa watu ukipanda huko juu. Baba aliitazama kwa muda mrefu akanionyesha kwa kidevu mgongo mmoja wa mlima. "Nyuma ya pale," akasema. Siku moja na nusu kwa mtu mwenye miguu mizima. Kwetu labda tatu.

Maji yalikuwa ya magotini, lakini yalikuwa ya kahawia na yalikwenda mbio, na mawe ya chini hayakuonekana. Nilitaka tungoje. Baba alitazama mawingu upande wa Ravine, mto unakotokea, akasema kesho yatakuwa ya kifuani, na keshokutwa hakutakuwa na pa kuvukia kabisa. Alisema kweli. Nilitangulia na blanketi kichwani, nikaliacha ng'ambo, nikarudi kumchukua. Nilimshika mkono wa kulia. Wa kushoto, upande wa mguu mbovu, ulikuwa na fimbo.

Tulifika katikati. Pale kulikuwa na shimo kati ya mawe mawili, na mguu wake wa kulia, ule mzima, ukateleza ndani. Kwa mara ya kwanza tangu Njoro, baba aliiegemea ile fimbo kwa uzito wake wote, na maji yalikuwa yakiisukuma kwa upande.

Fimbo haikulia kama mti unaovunjika. Ilisema tu "pa", kama gogo kabari ya tatu inapoingia. Sauti ile niliijua vizuri. Ilifunguka kutoka kwenye msumari mpaka karibu na mkono wake, nusu huku na nusu kule, na baba akaenda chini. Mkono wake uliniponyoka. Maji yalimpeleka hatua kama ishirini na kumtupa kwenye mwamba kwa ubavu, na hapo ndipo nilipomkamata. Nilimburuta mpaka ng'ambo. Nyonga ilikuwa imevunjika. Mguu uliokuwa mzima ulikuwa umegeukia mahali ambapo mguu haugeukii.

Juu kidogo ya mto alikaa bibi mmoja mjane mwenye mbuzi, Kogo Kobilo. Tulimwita Kogo kama tunavyowaita bibi zetu wote. Alishuka na jirani yake mwanaume, wakanisaidia kumbeba juu ya ngozi mpaka nyumbani kwake. Alimtazama baba, akaniangalia na mimi, akasema, "Mnavuka mto kama watu wanaofukuzwa."

"Tumefukuzwa, Kogo," baba akamjibu.

Yule jirani akaondoka saa ileile kupanda milimani kumwita mama na baba mkubwa.

Baba aliishi siku tatu. Siku ya kwanza aliongea. Siku ya pili kifua kikaanza kulia na homa ikapanda. Jioni yake nilikuwa nimekaa naye, na zile nusu mbili za fimbo, ambazo Kogo aliziokota ukingoni kwa ajili ya kuni, zilikuwa kando ya moto. Nilizichukua nizitie ndani nisizione tena.

"Tia," baba akasema. Sikujua kwamba alikuwa macho. "Tarakwa unawaka vizuri."

Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia kwamba Mzee Sigilai alinionya, kwamba alinipasulia kipande mbele ya macho yangu, akaniambia habari ya msumari, na kwamba nilikuwa na siku mbili na sikumpa. Nilitaka anigombeze. Hata kama ningepewa kijiji kizima kiwe changu, ningechagua kugombezwa.

Aligeuza kichwa kuelekea moto.

"Nimepasua tarakwa miaka ishirini na miwili," akasema. "Unadhani nilikuwa namngoja Sigilai aniambie?"

"Ulijua?"

"Nilijua ulipoingia nayo mlangoni."

"Sasa kwa nini uliichukua, Baba?"

Alivuta pumzi, na ilimchukua muda kuipata. "Tangu uache shule," akasema, "sijawahi kukuona ukimaliza kitu. Ukaja na hiyo imekwisha, hata ngozi umeweka. Nikasema, hiki amekimaliza." Kisha akasema, "Nilidhani itafika. Nilikuwa naiegemea kidogo tu."

Ndipo nilipoelewa, mwanangu, siku nane za njia. Ule mwendo wa hatua kumi na kusimama. Mguu mbovu uliotetemeka. Alikuwa ameubeba mwili wake wote kwa mfupa uliopinda, kutoka Njoro mpaka Perkerra, ili fimbo yangu isiaibike, na mimi nikamgombeza njiani kwamba haitumii.

Alifariki mchana wa siku ya tatu, mlango ukiwa wazi na milima ikionekana. Joto la bondeni halingoji watu. Tulimzika mimi, Kogo na mtu mmoja aliyekuwa akipita na punda, juu kidogo ya mto, mahali pa mawe. Kogo alisema pale hapalimiki, hapajawahi kulimika. Alisema kunituliza, na mpaka leo nashukuru. Lakini hapakuwa nyumbani.

Mama na baba mkubwa walifika kesho yake. Mama alisimama kando ya yale mawe bila kulia. Kisha akaniuliza, "Ilikuwaje?"

"Maji yalikuwa makubwa," nikasema.

Kogo Kobilo alikuwepo. Aliniangalia, kisha akaangalia chini. Mama aliishi miaka thelathini baada ya siku hiyo, na kila nilipotaka kumwambia, nilijua ng'ambo ya pale kuna nini, na kwa mara moja maishani sikutaka kwenda kuona. Watu husema nilitangatanga maisha yangu yote kwa sababu ya udadisi. Udadisi ulikuwepo. Lakini zipo nyumba ambamo mtu hawezi kukaa kwa sababu anayeishi humo anamwamini.

Miaka michache baadaye nilipita Njoro nikamtafuta Mzee Sigilai msituni. Nilimkuta amezeeka, anafukiza mzinga. Nikamsimulia yote. Nilitegemea aseme, si nilikuambia. Wazee wengi hupenda neno hilo, na mimi nimeshalipenda. Yeye aliendelea kufukiza, akasema, "Hata mimi nilikosea. Nilikufundisha mti mbele ya watu waliokucheka. Ningekuita pembeni." Halafu akanipa kipande cha sega, tukala.

Sasa, mwanangu, nisikilize, maana karatasi inaisha na macho yangu hayapendi taa.

Ukichagua fimbo ya safari ndefu, usiichague kwa macho. Mchagua jembe si mkulima, wanasema, na ni kweli kwa mtu anayechagua kwa kung'aa. Itafute fimbo inayofika chini ya kifua chako, yenye unene wa kujaa mkononi, na uweke mwili wako wote juu yake, si kwa kunyooka tu bali kwa kuipinda na kuisukuma kando, kwa sababu mto hausukumi kutoka juu. Fanya hivyo nyumbani, kwenye nyasi, mahali ambapo kuanguka ni kicheko. Hiyo ya chuma inayokunjwa, sisemi ni mbaya. Siijui. Ila pale inapojifunga ndipo panaponitia wasiwasi, na wewe pajaribu kuliko mahali pengine popote. Na usichukue kitu kwa sifa zake za kazi nyingine. Kilichodumu kimesimama hakijasema lolote juu ya kutembea. Utaliona hilo kwa miti, na utaliona kwa watu.

Lakini hilo ni jambo dogo, na kama lingekuwa hilo tu ningekuambia pale mlangoni. Kubwa ni hili. Siku utakapompa mtu kitu cha kuegemea, awe mzazi, awe mke, awe mwenzako aliyechoka njiani, usimtazame usoni kujua kama kinafaa. Anayekupenda atakudanganya kwamba kinafaa. Atakibeba badala ya kukiegemea, na ataumia kimya ili wewe usione aibu. Kijaribu wewe kwanza kwa uzito uliozidi wake. Kisha muulize, na umuulize kwa namna ambayo anaweza kukuambia hapana na mkalala kwa amani. Na ukimwona anakwenda polepole kuliko ulivyotarajia, usitangulie hatua hamsini ukinuna. Rudi nyuma umuulize nini kinamuuma. Mimi niliuliza kila kitu duniani, mpaka maji ya treni, na hilo sikuuliza.

Na akitokea wa kukurekebisha mbele ya watu, meza kicheko chao. Kicheko hakidumu hata jioni moja.

Nenda sasa. Mungu wa baba zangu akutangulie bondeni na akusimamie mtoni. Akupe marafiki wenye ulimi mgumu na moyo laini. Miguu yako isisahau ya mwenzako. Na utakapofika kule juu na watu watoke kuwapokea, awepo kila mmoja uliyeondoka naye.